Msitu wa Ngezi na Hima ya Sayyidna Umar

Ndugu msomaji, ukitoka Konde kwa njia iendayo Ras Kigomasha, hufiki mbali ila mashamba yakwisha na jua lapungua juu ya kichwa chako. Hapo umeingia Ngezi. Mna mivule, mna mijoho, na mna mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba peke yake.

Wazee wetu hawakuuona msitu kuwa kitu adimu. Walakin mwaka 1872 kimbunga kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda. Kila mwenye shoka akaingia mwituni, na palipokuwa na msitu pakasimama karafuu. Ngezi ni katika mabaki yaliyonusurika, hekta zipatazo 1,440, na Serikali imeulinda tangu kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Kulinda ni kuzuri. Lakini mtu wa Konde akitaka fito za nyumba, au mama akitaka kuni za kupikia, aende wapi? Aliyekuwa akiokota kwa mkono mweupe jana, leo aitwa mwizi.

Suala hili si geni katika Uislamu. Kwetu sisi neno “hima” ni kufanya haraka. Kwa Waarabu ni ardhi iliyohifadhiwa, na ni shina moja na neno letu “himaya”. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na hima mahali paitwapo Rabadha, kwa ajili ya wanyama wa Baitul-Mali. Alimweka mtumishi wake Hunayy ailinde, akamuusia aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Kisha akamwamrisha amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan. Na hao ni masahaba wakubwa, msomaji! Hoja yake ilikuwa kwamba wanyama wa matajiri wakifa, wao wana mitende na mashamba ya kurejea. Fakiri wanyama wake wakifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Na kumpa majani ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Sasa turudi Visiwani. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilifungua mlango ambao zamani haukuwapo: wanakijiji kupatana na Serikali juu ya misitu iliyo kwao. Ngezi wenyewe ni wa Serikali, lakini vichaka na mikoko ya vijijini yaweza kuwa chini ya kamati ya shehia. Eneo moja hufungwa kabisa, jingine huachwa litumike kwa kibali. Kuanzia 2010 ulikuja mradi wa kuhifadhi misitu ya asili, kwa fedha za Norwei, na shehia zaidi ya 40 za Unguja na Pemba zikaingia katika mapatano. Herufi za jina la mradi huo zilisomeka HIMA. Sijui kama waliolitunga walimkumbuka Hunayy.

Watu waliambiwa pia kwamba hewa ya ukaa itakayohifadhiwa katika miti itauzwa ng'ambo na fedha zitarudi vijijini. Fedha hizo hazikuja kama zilivyotarajiwa. Makatazo yalikuja mapema zaidi. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo pa kupimia mapatano yoyote ya msitu: mwenye tanuu la chokaa au biashara ya mkaa aweza kulipia kibali, au akahamia kazi nyingine, mama wa mzigo mmoja wa kuni hana pa kuhamia, na dukani gesi yauzwa kwa fedha taslimu.

Mradi ulimalizika katikati ya miaka ya 2010. Vijiji vikabaki na ramani, daftari za vibali na kamati zisizolipwa mshahara.