Chombo Kinachotembea na Ushahidi Unaofutika: Ukarabati na Uendeshaji wa Magari ya Kijeshi ya Kijerumani katika Maadhimisho ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Kila inapokaribia tarehe 6 Juni, barabara za Normandy nchini Ufaransa hujaa magari ya kijeshi ya zamani. Watu hukusanyika kukumbuka siku ya mwaka 1944 ambapo majeshi ya Washirika yalishuka katika pwani hiyo. Mengi ya magari hayo ni ya Kimarekani na ya Kiingereza, lakini miongoni mwake huonekana pia ya Kijerumani, yaliyokarabatiwa na kupakwa rangi za wakati wa vita. Watetezi wa desturi hii husema kwamba gari lililosimama ni chuma tu, ilhali linalotembea hufundisha. Wakosoaji husema kwamba gari la jeshi la Wanazi linaposhangiliwa barabarani, waliolitumia kuua hupewa utukufu wasioustahili. Insha hii inadai kwamba pande zote mbili huruka swali la msingi, nalo ni hili: gari hilo ni ushahidi wa nini baada ya kukarabatiwa? Hoja kuu ni kwamba ukarabati unaokiwezesha chombo kutembea huzalisha maarifa ya aina moja na kufuta ya aina nyingine, na kwamba uhalali wa kukiendesha hadharani unategemea ukweli unaoambatana nacho.

Mfano ulio bayana zaidi ni kifaru kijulikanacho kama Tiger 131. Kifaru hiki cha Kijerumani kilitekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943, baada ya kupigwa na kutelekezwa na askari wake. Kilioneshwa mjini Tunis mbele ya Mfalme George wa Sita na Winston Churchill, kisha kikapelekwa Uingereza mwezi Oktoba mwaka huohuo ili wahandisi wakichunguze. Mwaka 1951 kilikabidhiwa Makumbusho ya Vifaru ya Bovington. Kuanzia mwaka 1990 kilifunguliwa karibu chote, na Desemba 2003 kikarudi kikiwa na injini inayofanya kazi. Leo ndicho kifaru pekee cha aina ya Tiger I duniani kinachotembea, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kukitazama.

Hata hivyo, injini inayokisukuma si yake. Injini yake ya asili, Maybach HL210, ilikuwa imekatwa ili wanafunzi na watazamaji waone sehemu zake za ndani. Warekebishaji walilazimika kutumia Maybach HL230 iliyotoka katika Tiger II ya makumbusho hayohayo. Kadhalika, waliongeza mfumo wa kisasa wa kuzima moto. Uamuzi huo ulikuwa na faida ya kitaaluma: wataalamu wa madini walichunguza namna vyuma vya injini hiyo vilivyochakaa na kuhimili kazi, wakapata picha ya ubora wa vyuma vya Ujerumani ya wakati huo. Maarifa hayo yasingepatikana kwa injini iliyozimwa. Lakini mtazamaji asiyeelezwa ataamini kwamba anausikia mngurumo uleule uliosikika Tunisia mwaka 1943. Kinachoihusisha chombo hiki na vita kwa uhakika zaidi ni makovu ya risasi yaliyoachwa bila kuzibwa. Kama warekebishaji wangeyasawazisha kwa ajili ya kupendeza, wangekuwa wamefuta kumbukumbu ya siku kilipotekwa.

Tatizo la pili ni la gari lisilokuwapo vitani kabisa. Jeshi la Ujerumani lilitumia gari la deraya lenye magurudumu mbele na minyororo nyuma, liitwalo Sd.Kfz. 251. Yaliyosalia ni machache. Baada ya vita, Czechoslovakia iliendelea kuunda gari la umbo hilo kwa ajili ya jeshi lake, likaitwa OT-810, likiwa na injini ya dizeli ya Tatra na paa la chuma. Wapenzi wa magari haya huliondoa paa, hubadilisha baadhi ya sehemu za bodi na kulipaka alama za Kijerumani. Matokeo yake ni kwamba gari lililotumikia jeshi la nchi iliyokaliwa na Wanazi huvalishwa sura ya mkaliaji. Kama burudani, jambo hili halina ajabu. Kama historia, ni upotoshaji, isipokuwa mwenye gari aliseme wazi.

Tatizo la tatu, ambalo ndilo zito zaidi, linahusu waliounda magari hayo. Gari la Kijerumani linaloonekana mara nyingi kwenye mikusanyiko ni Kübelwagen, gari jepesi lililoundwa na kiwanda cha Volkswagen katika mji ambao leo unaitwa Wolfsburg. Yaliundwa takribani 50,000. Injini yake ipo nyuma na hupozwa kwa hewa, na kwa kuwa inashabihiana na ile ya Volkswagen ndogo ya baada ya vita, vipuri vyake si adimu sana. Ndiyo maana limesalia barabarani. Lakini katika kiwanda hichohicho watu wapatao 20,000 walifanyishwa kazi za shuruti, wakiwamo mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Mwaka 1999 kampuni ilifungua mahali pa kuwakumbuka ndani ya handaki la zamani la kujikinga na mabomu, kiwandani humo. Kwenye gari lenyewe hakuna kinachowataja watu hao. Mrekebishaji huweza kutafuta kwa miaka kadhaa skrubu ya muundo sahihi, asiulize hata mara moja nani aliyekaza ile ya kwanza.

Sheria haziwezi kulimaliza suala hili. Nchini Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya makosa ya jinai kinakataza kuonesha hadharani alama za Kinazi, ila kwa malengo kama elimu, utafiti na sanaa. Katazo hilo huiondoa swastika kwenye bodi ya gari. Haliwezi kumlazimisha mmiliki kueleza historia ya gari hilo.

Kwa kuhitimisha, insha hii haipendekezi kwamba magari haya yazimwe. Inapendekeza kila gari linaloendeshwa katika maadhimisho liambatane na maelezo ya mambo matatu: sehemu zipi ni za asili na zipi zimebadilishwa, lilipitia wapi kabla ya kufika hapo, na nani walioliunda. Mrekebishaji mwenye daftari la kila skrubu aliyoibadilisha tayari ana nusu ya maelezo hayo. Nusu iliyobaki ni kazi ya mwanahistoria, na bila hiyo umati utaondoka ukikumbuka kelele za injini na kuwasahau waliolazimishwa kuiunda.