Herufi Nene za Kuta za Goma

Mtu akitoka Birere kupanda Majengo, kabla hajafungua gazeti lolote, amekwisha kusoma ukurasa mzima: majina ya butiki, saluni, farmasi, makanisa na shule, yote kwa herufi kubwa, nene, zilizonyooka kama zimepimwa kwa rula. Na kweli zimepimwa. Tumezizoea mupaka hatuulizi tena zimetoka wapi. Leo tuzitazame kama desturi, maana nazo zina historia na zina kazi.

Tuanze mbali kidogo. Zamani herufi za vitabu vya Ulaya zilikuwa na vijimkia kwenye ncha zake. Mwaka 1816 William Caslon IV, mtengenezaji wa herufi wa London, alionyesha herufi za chapa zisizo na vijimkia hivyo. Mwaka 1927 Mjerumani Paul Renner alitoa Futura, herufi zenye sura ya duara, pembetatu na mraba. Mwaka 1929 ikafuata Futura Black, nene sana, ambayo vipande vyake vimeachana kama herufi zilizopakwa rangi kupitia kartoni iliyotobolewa. Hizo hazikufanywa kwa kusoma kitabu kizima. Zilifanywa kumsimamisha mpita njia.

Hatusemi kwamba mafundi wetu walimwiga Renner. Vifaa vya kazi ndivyo vinavyowafikisha karibu naye. Fundi anapiga mistari miwili kwa chaki, mmoja wa juu na mmoja wa chini, anagawa visanduku, kisha anajaza rangi. Brashi yake ni pana. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na maungio ya mbao yanakuwa mistari ya daftari lake. Ukuta wa mawe ya volkano nao una matundu. Mstari mwembamba unamezwa. Njo maana O yake mara nyingi iko kisanduku kilichokatwa pembe, na S yake inafanana na 5. Herufi I anaipa nusu ya kisanduku, M na W anaziongezea. Asiyehesabu kwanza, ukuta unaisha neno halijaisha, na herufi za mwisho zinabanana kama abiria wa taxi.

Kazi hii imetembea pamoja na historia ya nchi. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaire, na jina hilo likaandikwa kwenye vibao. Mwaka 1997 likafutwa, likarudi jina la Kongo. Kule Kinshasa, Chéri Samba alianza kama mchoraji wa vibao vya matangazo, akafungua karakana yake mwaka 1975, na hata alipojulikana ulimwenguni hakuacha kuandika maneno ndani ya picha zake. Kwa hiyo tusidharau fundi wa kibao.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu mpaka ziwani. Nyumba ziliungua, na hati nyingi za watu ziliungua pamoja nazo. Watu walijenga tena juu ya mawe yale yale, na mbao mpya zikapata majina. Pahali ambapo njia na mipaka ya viwanja ilikuwa imefunikwa, jina lililoandikwa kwa unene lilikuwa njia ya kusema: sisi tungali hapa.

Lakini kuna andiko moja linalotugusa kuliko matangazo yote: «PARCELLE À NE PAS VENDRE», ama kwa lugha yetu, «NYUMBA HII HAIKO YA KUUZISHA». Linaonekana katika miji mingi ya Kongo. Mara nyingi nyuma yake kuna baba aliyefariki, na mtoto mmoja ama mjomba anayetafuta mnunuzi kwa siri. Wengine hawana pesa ya avoka. Wana kopo la rangi. Wanaandika kwa herufi ambazo mnunuzi hawezi kusema hakuziona.

Hapo tuseme wazi, kwa faida ya familia zetu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja chenye konsesyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa. Kodi ya Familia ya mwaka 1987 inawaweka watoto wote wa marehemu, wasichana na wavulana, katika kundi la kwanza la warithi. Basi andiko la ukutani linaonya, halithibitishi. Mvua inalifuta, na mwenye hila anaweza kulipaka rangi usiku mmoja.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ukuta wetu ni daftari la kwanza, wala tusiuonee haya. Siku hizi vibao vingi vinachapwa kwa kompyuta juu ya plastiki, na vijana wanaojua kupima herufi kwa chaki wanapungua. Tuwapige picha mafundi hao na kazi zao kungali mapema. Na yule aliyeandika kwamba nyumba haiuzishwe, rangi ikisha kukauka, akusanye ndugu zake, waende pamoja kwenye biro ya hati za ardhi.