Kadi za Besiboli: Vipande vya Karatasi Vilivyogeuka Mali

Fungueni madaftari yenu, na mwenye penseli butu aichonge sasa, maana leo tutafanya hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kadi, seti, daraja. Tutayatumia mpaka mwisho wa somo.

Somo la leo linatupeleka Marekani. Huko kuna mchezo uitwao besiboli, unaofanana kidogo na kriketi. Mtu mmoja hutupa mpira, mwingine huupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Lakini hatusomi habari za mchezo wenyewe. Tunasoma habari za kadi ndogo zenye picha za wachezaji wake. Zilianza kama kitu cha kutupwa, na leo baadhi yake huuzwa kwa fedha zinazotosha kujenga shule. Tutaangalia mambo mawili: jinsi kadi hizo zilivyogeuka mali, na jinsi mtu mwenye fedha chache anavyoweza kukusanya seti nzima bila kufilisika. Seti ni kadi zote zilizotolewa pamoja na kampuni moja, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Kadi za sigara

Katika miaka ya 1880 sigara ziliuzwa Marekani katika pakiti laini za karatasi. Pakiti ikibanwa mfukoni, sigara zilivunjika. Kwa hiyo kampuni zikatia ndani kipande cha karatasi ngumu ili kuipa pakiti nguvu. Kisha wakaona kwamba karatasi ile haina haja ya kukaa tupu. Wakachapa juu yake picha za waigizaji, wanyama, bendera na wachezaji wa besiboli. Mvutaji aliyetaka picha zote alirudi kununua sigara zile zile. Hivyo ndivyo biashara ilivyofanywa.

Seti moja ya sigara yajulikana kuliko nyingine zote. Ilitolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, na wakusanyaji huiita T206. Ina kadi zipatazo 524, kila moja ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Ndani yake imo kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh. Wagner hakukubali picha yake iendelee kutumiwa. Wako wasemao kwamba hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake; wengine husema alitaka alipwe. Vyovyote vilivyokuwa, uchapaji ulisimamishwa, na kadi zake zinazojulikana leo hazifiki mia. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25, nayo ilikuwa imechakaa.

Kuna jambo jingine la kuandika. Katika seti hiyo hamna hata mchezaji mmoja Mweusi. Si kwa sababu Weusi hawakujua kucheza. Milango ya ligi kubwa ilifungwa mbele yao, wakacheza katika ligi zao wenyewe. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn. Tutamwona tena mbele kidogo.

Kadi za ubani

Baada ya sigara ukaja ubani wa kutafuna, ule ambao watoto huupuliza ukawa kama puto. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa seti yenye namba 1 hadi 240. Watoto wakanunua, wakapanga kadi zao, wakakuta namba 106 haipo. Wakanunua tena na tena. Haikuwapo kabisa! Kampuni ilikuwa haijaichapa. Wanunuzi walipoandika barua za kulalamika, ndipo ilipochapwa mwaka 1934, yenye picha ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekwisha staafu zamani. Nanyi mnaponunua kitu kwa tamaa ya zawadi iliyomo ndani, ikumbukeni namba 106.

Mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa seti ya kadi 407. Kadi za mwisho, kuanzia namba 311, zilifika madukani wakati msimu wa mchezo unakwisha, na watoto hawakuzitaka. Maboksi yakabaki ghalani. Sy Berger, mtu aliyeibuni seti hiyo, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 aliyapakia katika tishari akaenda kuyatupa katika Bahari ya Atlantiki. Namba 311 ni kadi ya Mickey Mantle. Mwezi wa Agosti 2022 moja iliyotunzwa vizuri iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Basi, sababu ya bei hizi ni nini? Si karatasi, wala si wino. Watoto walizibana kadi katika magurudumu ya baiskeli ili zilie. Walipokua wakaenda jeshini au chuoni, na mama zao wakifanya usafi wakazitupa. Kilichobaki kikawa kichache, na wale watoto, sasa watu wazima wenye mishahara, wakazitamani tena. Uchache ulipokutana na hamu, bei ikapanda.

Habari zilipoenea, watu wengi wakadhani kila kadi itakuwa mali. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 walinunua kadi mpya kwa maboksi, wakaziweka bila kuzigusa. Kampuni nazo zikachapa bila kipimo. Matokeo yake, kadi za miaka ile ziko tele mpaka leo, na nyingi hazina bei ya maana. Kitu kilichotunzwa na kila mtu hakiwi adimu.

Daraja ni nini?

Mwaka 1991 ilianza kampuni iitwayo PSA, na baadaye zikaja nyingine. Kazi yao ni kukagua kadi na kuipa daraja, kuanzia 1 iliyochakaa sana mpaka 10 isiyo na kasoro. Mkaguzi huangalia mambo manne: pembe, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Kisha kadi hufungiwa katika kasha la plastiki lenye kibandiko cha daraja. Kadi ile ile, ya mwaka ule ule, yaweza kuuzwa kwa bei ndogo ikiwa na daraja la 2, na kwa bei kubwa mara nyingi zaidi ikiwa na daraja la 9.

Je, kibandiko husema kweli daima? Sikilizeni kisa hiki. Kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA ilikuwa ile ya Wagner. Ilipewa daraja la 8, nayo ikauzwa kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada aliyekuwa nayo zamani alikiri mahakamani kwamba alizikata kingo zake ili zionekane mpya. Kwa kanuni, kadi iliyokatwa haistahili kupewa namba yoyote. Kwa hiyo wakusanyaji wazoefu huonyana hivi: nunua kadi, usinunue kibandiko.

Hesabu ya mtu mwenye fedha chache

Sasa shikeni penseli. Tuchukue seti ya Topps ya mwaka 1956, yenye kadi 340. Nimeichagua kwa sababu si kubwa mno, na kwa sababu ya waliomo ndani yake. Jackie Robinson yumo, namba 30, katika mwaka wake wa mwisho uwanjani. Baada yake yupo Hank Aaron, namba 31. Willie Mays ni namba 130. Wote watatu ni watu Weusi. Iwekeni seti hii kando ya ile ya sigara, nanyi mtaona kwa macho jinsi nchi ilivyobadilika katika miaka isiyotimia hamsini. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na seti nzima: kadi moja ni picha, lakini seti ni ushahidi.

Tuseme mtu anaweza kununua kadi 4 kila mwezi. Gawanyeni 340 kwa 4. Mmepata ngapi? Miezi 85, yaani miaka 7 na mwezi 1. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho, na mwisho wake unajulikana tangu siku ya kwanza.

Mkusanyaji wa namna hii hushika kanuni tano.

Kwanza, huchagua daraja moja analoliweza, tuseme la 3 au la 4, akabaki nalo. Pembe zimelika kidogo, lakini uso wa mchezaji waonekana vizuri. Anayeanza na daraja la 8 hukwama njiani.

Pili, kadi za wachezaji mashuhuri huzipokea katika daraja la 1 au la 2. Mkunjo mmoja hushusha bei sana, lakini Robinson ni yule yule.

Tatu, hapeleki kila kadi kukaguliwa. Ada ya ukaguzi mara nyingi huipita thamani ya kadi ya mchezaji wa kawaida. Hununua iliyokwisha kaguliwa, au huiacha bila kasha.

Nne, hakopi. Deni lina tarehe yake, lakini kadi haina tarehe ya kupanda bei.

Tano, na hii ndiyo kubwa, ana daftari. Huandika namba, jina, daraja, bei na tarehe. Asiye na daftari hununua kadi moja mara mbili, wala hajui fedha zake zilikokwenda. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtu wa daftari

Nitamaliza kwa kuwasimulia habari za mtu mmoja. Jina lake Jefferson Burdick, alizaliwa mwaka 1900 katika jimbo la New York. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse, akiunganisha vipande kwa mikono. Hakuwa tajiri. Tena alikuwa na ugonjwa wa viungo uliomkunja vidole na kumtia maumivu makali. Lakini alipenda kadi wakati ambapo watu wazima waliziona ni mchezo wa watoto.

Burdick alifanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake: aliandika orodha. Alizipanga kadi za Marekani, za sigara, za ubani na za bidhaa nyingine, akaipa kila seti herufi na namba. T206 ni jina alilolitoa yeye. Orodha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1939, na wakusanyaji wanatumia namba zake mpaka leo.

Mwaka 1947 alianza kuutoa mkusanyiko wake kwa jumba la sanaa la Metropolitan, mjini New York, bila kudai malipo. Vilikuwa vitu zaidi ya 300,000, na kati yake kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Akawa anakwenda jumbani kuzibandika kwa gundi katika vitabu vikubwa, moja moja, kwa vidole vile vile vilivyougua. Alimaliza tarehe 10 Januari 1963. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Machi, alifariki.

Fikirini jambo hili. Kwa kanuni za leo, kadi yenye gundi mgongoni hupewa daraja la chini. Mkaguzi angezishusha kadi za Burdick karibu zote. Hata hivyo, huko ndiko wanahistoria wanakokwenda kusoma, na Wagner yumo humo. Kadi ya daraja la 8 ilikuwa imekatwa ili kudanganya. Kadi za Burdick zina gundi kwa sababu alitaka zikae pamoja, zionwe na watu wote.

Ndugu zangu, huenda hamtashika kadi ya besiboli maishani. Lakini wengi wenu mmejifunza kuandika mkiwa watu wazima, na vidole vyenu navyo vimechoka kwa kazi. Mjue kwamba daftari lenye safu zilizonyooka ni chombo kile kile alichotumia Burdick, nacho hakihitaji mtaji.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kampuni za sigara zilitia kadi ndani ya pakiti?
2. Kwa nini kadi za miaka ya 1980 hazina bei ya maana?
3. Mtu akinunua kadi 5 kila mwezi, atamaliza seti ya kadi 340 kwa miezi mingapi?
4. Chora safu tano katika daftari lako, kisha uandike humo vitu vitano vya nyumbani kwako: jina, mwaka ulipokipata, bei, hali yake, na mahali kinapokaa.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.