Nguo, Uchi na Aibu: Mtazamo juu ya Mwili katika Meru na Embu

Husemwa mara kwa mara kwamba kabla ya kuja kwa wageni watu wa Meru na Embu walitembea uchi, na kwamba misheni na serikali ndizo zilizowavisha. Kauli hii imekaririwa hata na wenyeji wenyewe. Lugha, hata hivyo, inaikanusha. Neno nguo si la kukopa. Ni neno la Kibantu linalopatikana pia katika lugha za Mlima Kenya, na kusini ya mbali Wazulu husema ingubo. Kwa watu wa mlimani nguo ilikuwa ngozi ya mnyama, hasa mbuzi, iliyolainishwa ikafaa kuvaliwa. Mwanamke aliyeolewa akajifunga ngozi kiunoni na kuacha kifua wazi alikuwa amevaa nguo kwa maana kamili ya neno hilo. Hakuwa uchi mpaka alipotokea mtu wa kumwita hivyo.

Haimaanishi kwamba aibu haikuwapo. Wameru huiita nthoni na Wagikuyu thoni. Na kwa Kikuyu mkwe huitwa muthoni, yaani jina lake latokana na shina lile lile la aibu. Uhusiano huo wa maneno una mengi ya kufundisha. Aibu ilimshika mtu kwa sababu ya yule aliyesimama mbele yake, na jambo lililokuwa halali mbele ya marika lilikuwa mwiko mbele ya wakwe. Ndiyo maana kijana aliweza kutahiriwa uwanjani, mwili wazi, mbele ya umati, pasiwe na mtu wa kuuonea haya uchi huo. Aibu ilikuwa kupepesa jicho kisu kilipogusa. Aliyelia aliufedhehesha ukoo mzima.

Kitambaa kilitangulia Ukristo. Wafanyabiashara wa Kikamba, waliofuata pembe za ndovu, walileta shanga na vitambaa kutoka pwani. Kitambaa mashuhuri cha njia hizo kilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa Massachusetts na kufika Unguja kwa wingi baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo na bidhaa za Bombay zikajaza pengo, lakini jina likabaki. Huko pwani kitambaa kilikuwa tayari kipimo cha cheo. Mtumwa alitambulikana kwa uchache wa mavazi yake. Na baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi waliotoka katika hali hiyo walijitafutia kanzu, kanga na buibui. Kiswahili kilipopanda bara kilikwea na mizani hiyo. Aibu, haya, heshima, adabu na sitara, yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na katika matumizi ya pwani yote yaliambatana na kujifunika.

Embu ilishindwa kwa silaha mwaka 1906, na Meru ikawekewa utawala mwaka 1908. Misheni zilifuata upesi: Waanglikana huko Kigari mwaka 1910, Wamethodisti huko Kaaga mwaka 1912 (ambao walikuwa Ribe, karibu na Mombasa, tangu 1862), na Kanisa la Scotland huko Chogoria mwaka 1922. Msomaji wa misheni alijulikana kwa shati na kaptura, na mwenzake wa kike kwa gauni, hata kabla hajafungua kitabu. Kodi nayo iliwasukuma wanaume kwenye kazi za mshahara, na mshahara ukanunua blanketi. Katika muda wa kizazi kimoja au viwili ngozi ilipokonywa jina la nguo, ikabaki ngozi tu, alama ya ushenzi. Mwili ukawa na aibu yake wenyewe, pasipo kuuliza nani anautazama.

Lakini mtazamo wa kale haukufa. Katika jamii za mlima, na hasa kwa majirani wa Kikuyu, mwanamke mzima anayejivua kwa makusudi mbele ya wanaume huwa anawalaani. Tarehe 16 Machi 1922, mjini Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru (jina lake la pili halipiti bila kuangaliwa) alipandisha vazi lake mbele ya wanaume waliokuwa tayari kutawanyika na kumwacha Harry Thuku kizuizini. Umati ulisonga mbele, polisi wakapiga risasi, naye akauawa. Miaka 70 baadaye, Machi 1992, polisi walipowashambulia akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa pamoja na Wangari Maathai huko Uhuru Park, baadhi ya wazee miongoni mwao walivua nguo. Elimu ya misheni haikuwa imeifuta maana ya tendo hilo.

Jambo linalohitaji kukemewa ni lile la wale wanaokigeuza kipimo cha wageni kuwa mila. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi kwa kuwa ni za kigeni, na wakati huo huo ikawahimiza Wamasai waache mavazi yao wavae suruali. Novemba 2014, Nairobi, makundi ya wanaume yaliwavua wanawake nguo hadharani kwa madai kwamba mavazi yao hayana heshima. Wanawake waliandamana, na Desemba mwaka huo sheria ya adhabu ikaongezwa kifungu kinachofanya kumvua mtu nguo kuwa kosa. Madai hayo ya heshima hutetewa mara nyingi kwa jina la Uafrika, ingawa nyanya za hao wanaotetea, katika Meru na Embu, walitembea vifua wazi na heshima yao ikiwa timamu.

Leo, katika sherehe za huko, wanawake wanaocheza ngoma za jadi huvaa sketi ya ngozi, au ya kitambaa kinachoigiza ngozi, pamoja na fulana. Na fulana hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya vazi la asili.