Maslaha, maslahi na simu: kesi za malezi Garissa tangu 1967

Mtu wa Mombasa akisema 'maslahi', anawaza faida, au mshahara na marupurupu. Walimu wakigoma hudai maslahi yao. Mtu wa Garissa akisema 'maslaha' anazungumzia kikao: wazee wameketi, pande mbili zimesikizwa, jambo limemalizwa. Neno ni lilelile la Kiarabu, ila limefika kwetu kwa njia mbili. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 53 inaagiza kwamba maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Hebu mfikirie mama aliyeachwa, katoka Balambala, anaambiwa na karani kwamba mzozo wake utaamuliwa kwa 'maslahi ya mtoto'. Ana kila sababu ya kudhani anarudishwa kwa wazee alikotoka.

Mkanganyiko huu una historia. Chini ya Waingereza, mahakama za kadhi zilitambuliwa katika ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kaskazini kulikuwa na utawala wa namna nyingine, wenye amri za kufunga wilaya na kuzuia watu kusafiri. Ndoa, talaka na watoto viliachiwa wazee na mashehe. Ni Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 iliyotandaza mahakama hizo nje ya Pwani, ikiwemo Kaskazini Mashariki. Tazama mwaka: ni 1967 hiyohiyo ndipo Kenya na Somalia zilipopatana Arusha na vita vya Shifta vikafifia. Hata hivyo amri za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Kwa hivyo kwa miaka 24, serikali iliyomletea Msomali wa Garissa kadhi ndiyo iliyokuwa ikimkagua kitambulisho njiani. Sishangai kwamba wengi waliendelea kuwaamini wazee.

Kadhi naye alikuja na mpaka wake. Kifungu cha 170 cha Katiba kinataja hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na urithi, na wahusika wote wawe Waislamu waliokubali kusikizwa huko. Malezi ya mtoto hayakutajwa kwa jina. Sheria ya Watoto, ile ya 2001 na sasa ya 2022, inayapeleka katika Mahakama ya Watoto. Je, kadhi anayevunja ndoa anaweza kuamua mtoto alale wapi? Majaji wa Mahakama Kuu hawajajibu kwa kauli moja. Matokeo yake ni kwamba familia moja huweza kuwa na milango mitatu: wazee, kadhi na hakimu. Anayeshindwa mlango mmoja hujaribu wa pili, na mtoto anangoja.

Kila mlango una msamiati wake. Kadhi husema 'hadhana', neno linalotokana na Kiarabu cha kifua na kukumbatia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi Pwani na Kaskazini Mashariki, hadhana ya mtoto mdogo ni ya mama hadi umri wa kupambanua mambo, kama miaka saba hivi, kisha mtoto huulizwa. Na mama akiolewa na mtu mwingine haki hiyo huweza kumtoka. Hakimu husema 'ulezi' na kuanzia kwenye Katiba, inayowapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Kwenye matumizi ndipo lugha zinapokutana vizuri: Kiswahili kina 'masurufu', Kisomali kina 'masruuf', na mtu yeyote sokoni Garissa anajua ni pesa za kula nyumbani. (Nafaka ya ghalani, kwa wasiojua, ni ndugu wa 'nafaqa' ya kadhi.)

Sasa teknolojia. Kabla ya simu za mkononi, Wasomali wa pande hizi na wa kambi za Dadaab, zilizoanzishwa kuanzia 1991, waliwasiliana kwa taar, yaani redio ya masafa marefu. 'Taar' asili yake ni waya, kama 'simu' yetu iliyotoka Kiajemi ikiwa na maana hiyohiyo. Taar haikuwa na siri. Aliyeketi chumbani alisikia baba amesema nini na ameahidi kutuma nini. Ukitaka, sema ilikuwa na mashahidi.

Simu ya mkononi iliwafukuza mashahidi hao. Mume akiandika talaka kwa arafa, je, imepita? Mnamo 2003 mahakama moja ya Kiislamu nchini Malaysia ilikubali, na dunia nzima ikajadili. Kwa Shafi, talaka iliyoandikwa bila kutamkwa hutegemea nia ya mwandishi. Basi swali linakuwa ni nani aliyeishika simu, na alikusudia nini. Lakini simu hiyohiyo imempa mama silaha. Tangu M-Pesa ilipoanza 2007, baba hawezi tena kusema 'nilimpa mkononi' na kuaminiwa kwa urahisi; ujumbe wa malipo una tarehe, saa na kiasi. Miezi mitupu nayo inaonekana.

Mwaka 2020 kanuni za kesi za madai ziliruhusu samansi kupelekwa kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe za simu. Korona ikaingia, vikao vikahamia mtandaoni, na Machi 2024 Idara ya Mahakama ikatangaza usajili wa kesi kwa njia ya kielektroniki nchi nzima. Kwa baba aliyeko Minneapolis au Nairobi, hii ni rehema. Kwa mama wa Hulugho pia ni nafuu, maana barabara ya kwenda mjini Garissa mvua zikinyesha haipitiki. Ila simu nyingi huko hutumiwa na nyumba nzima, na samansi huja kwa Kiingereza. Anayeisoma mara nyingi ni mtoto anayekwenda shule. Yaani binti wa darasa la sita ndiye anayemfasiria mamake karatasi inayouliza yeye mwenyewe akaishi na nani.

Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini. Hakuna linalozuia samansi ya malezi inayotumwa Garissa kuandikwa Kiswahili, na sentensi moja ya Kisomali chini yake. Ningependekeza pia iandikwe 'heri ya mtoto' pale ambapo Katiba inasema maslahi, na 'masurufu' badala ya 'matunzo'. Hilo la mwisho hata wazee wa maslaha hawatalipinga.