Uhai na Elimu

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020, skuli zilifungwa. Tanzania Bara ilizifungua zote Juni 29. Kenya ilianza Oktoba 12 kwa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4, na waliobaki wakarudi Januari 4, 2021.

Watu walibishana sana. Huyu akisema: mtoto atamletea bibi yake maradhi. Yule akijibu: asiyesoma naye huangamia. Wote walisema kweli, kwani kuhifadhi uhai na kuhifadhi akili yote ni makusudio ya Sharia. Lakini darasa lililojaa, lisilo na maji ya kunawa, halipati usalama kwa amri ya kufunguliwa tu. Basi jiulize: leo bomba la skuli ya mtaani kwako linatoa maji?