Kamba Isiyooza: Nyavu na Injini katika Mto Kilombero

Boti ya injini ikizimika katikati ya Mto Kilombero kwa sababu kamba imejisokota kwenye shafti, lawama huangukia mojawapo ya pande mbili. Ama nahodha hakuangalia mbele, ama mto umejaa takataka. Ninaona pande zote mbili zinaonewa. Bonde hili lilikuwa na kamba nyingi majini na vyombo vingi juu ya maji kwa vizazi na vizazi, na kamba hazikuzuia vyombo kupita. Mkwamo wa leo una tarehe ya kuzaliwa. Ulikuja katika nusu ya pili ya karne ya 20, pale vitu viwili vigeni vilipokutana kwenye maji yale yale: rafadha inayozunguka chini ya chombo, na uzi wa kiwandani usiooza.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, mto huu hutawanyika kila masika na kuifanya mbuga kuwa ziwa la muda. Maji yake ni zaidi ya nusu ya yale yanayoifikia Rufiji. Wandamba waliishi humo kwa uvuvi na mpunga, na majirani zao Wabena wa mitoni waliandikiwa kitabu kizima na A. T. na G. M. Culwick mwaka 1935. Usafiri wao ulikuwa mtumbwi wa gogo moja, unaosukumwa kwa upondo penye kina kifupi na kwa kafi penye kina kirefu. Chini ya mtumbwi hakuna kinachozunguka. Ukikuta kamba ya mtego, unateleza juu yake, au msukumaji anaiinua kwa upondo na safari inaendelea. Mitego yenyewe ilikuwa migono na nyua za matete, zikifungwa kwa magome ya miti na ukindu. Vitu hivyo vikiachwa majini huoza na kurudi kuwa tope. Mfumo huu haukuwa mdogo. Mpunga wa bonde la ndani uliifikia Ifakara na maduka yake kwa mitumbwi, na mwanahistoria Jamie Monson, aliyechunguza uchongaji wa mitumbwi kati ya 1920 na 1940, ameonyesha jinsi serikali ya Waingereza ilivyojigonga yenyewe: ilitaka mpunga utoke bondeni, huku masharti yake ya misitu yakiwabana wachongaji waliohitaji miti mikubwa ya kutengenezea vyombo vya kuubebea.

Kamba nayo ina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko katika mkoa huu huu wa Morogoro. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, ukaanza pwani ya Pangani, kisha ukafuata reli hadi Morogoro na Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa katani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Soko lake kubwa lilikuwa kamba, hasa uzi wa kufungia majani makavu ya mifugo katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Kilichoiangusha katani, pamoja na mambo mengine kama utaifishaji wa 1967, ni polipropilini, uzi wa mafuta ya petroli ulioingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi haukufika tani 40,000. Kwenye uvuvi, nyavu za kitani, zilizotumika Ziwa Victoria tangu 1905, zilianza kuondolewa na za nailoni katika miaka ya 1950, na mabadiliko hayo hayakuishia ziwani. Huwa tunayasimulia mambo haya kila moja kivyake, moja kama msiba wa mashamba na jingine kama maendeleo ya wavuvi. Kwa mto ni jambo moja: nyuzi zinazooza ziliondoka, zisizooza zikaingia.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kamba inapokutana na injini. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, hivyo kipande kilichokatika huelea karibu na uso wa mto, mahali pale pale rafadha ndogo inapofanyia kazi. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji. Wavu ulioachwa huzama, hushika kwenye visiki, na hungoja kiangazi kipunguze kina. Kamba ya katani ikijizungusha kwenye shafti hukatika au huchanika nyuzi nyuzi. Ya plastiki hupata joto la msuguano, huyeyuka, na kuganda kuwa pete ngumu inayohitaji msumeno. Uzi mwembamba wa timba, yaani nyavu za monofilamenti, ni hatari zaidi, kwa kuwa hupenya nyuma ya rafadha hadi kwenye sili, huikata, na maji yakaingia kwenye gia bila mtu kujua. Kanuni za Uvuvi za 2009 zimeipiga timba marufuku kwa ajili ya samaki. Injini nazo zingekuwa na sababu ya kushukuru.

Msomaji anayeijua mbuga atasema kwamba magugu na matete yalikuwepo tangu zamani, nayo hujisokota vile vile. Ni kweli, na nahodha wa injini huyachukia. Lakini jani hukatwa na panga la rafadha lenyewe, au huachia injini ikirudishwa nyuma kidogo. Halijengi pete, na msimu ujao halipo. Pingamizi jingine ni zito zaidi: kwamba huku ni kuutamani umaskini wa jana. Silitaki hilo. Mashamba ya mkonge yaliwala manamba, wavu wa nailoni umewalisha watoto wengi kuliko mgono, na mtumbwi hupinduka, tena kwenye maji ya mamba na viboko. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba upondo ulidumu Kilombero kwa sababu watu hawakuwa na fedha za injini tu. Fedha zilikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba upondo ulifaa mto wa michanga na mitego, na waliouendeleza walikuwa na macho.

Wapo watakaosema jibu limeshapatikana: boti ya jeti. Bill Hamilton wa New Zealand aliitengeneza katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mito yenye kina kifupi kama huu wetu, na mwaka 1960 boti zake zilipanda Mto Colorado kupitia Grand Canyon. Pampu huvuta maji kupitia tundu lenye vyuma chini ya chombo, impela huyasukuma, nayo hutoka nyuma kwa kasi. Hakuna rafadha ya kugonga mchanga. Ila pampu hiyo hiyo huinyonya kamba. Inapita katikati ya vyuma, inajizungusha kwenye shafti kabla ya impela, kisha injini inanguruma na boti haisogei. Kuitoa kuna utaratibu wake: zima injini na uondoe ufunguo, maana impela haichagui mkono, fungua mlango wa ukaguzi, na kama uko chini ya usawa wa maji, kwanza uvute chombo hadi kwenye mchanga, zungusha shafti kwa mkono kinyume na mwendo wake, kata mizunguko kidogo kidogo ukivuta ncha, kisha kagua sili. Penye injini ya kupachika, fundi huiinua na kukata kwa kisu akiwa amekaa chomboni. Penye jeti ambayo mlango haufikiki, inabidi kuingia chini ya boti, na katika Kilombero hakuna mtu mwenye busara anayefanya hivyo. Jeti inashinda mchanga, lakini mbele ya nailoni ni dhaifu kuliko rafadha.

Na daraja je? Kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa upepo Januari 2016, na mwaka 2018 Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, likafunguliwa na kumaliza utumwa wa kivuko kati ya Ifakara na upande wa Mahenge. Ni faraja kubwa. Lakini daraja huvuka mto mahali pamoja, wakati kambi za uvuvi na mashamba ya bonde la ndani yamepangana kwa urefu wake, na masika mgonjwa wa huko bado hutolewa kwa chombo cha majini, akipita juu ya nyavu zote zilizoachwa humo tangu nailoni ilipoingia.